Mlezi wa jana, mwanafunzi wa leo: namna ya kufundishana wodini

Ilikuwa asubuhi ya kupokezana zamu katika wodi ya watoto, kwenye hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikisoma ripoti. Mtoto wa kilo 11 alikuwa ameingia alfajiri akiwa na malaria kali, ameandikiwa artesuneti ya sindano. Nilipokuwa nikitaja hesabu ya dozi kwa sauti, miligramu 2.4 kwa kila kilo, kama nilivyofundishwa na kama nilivyowafundisha wengine kwa miaka, nilimwona mwanafunzi wa mwaka wa pili ameinamia simu yake. Nikamkaripia mbele ya wenzake na mbele ya mama wa mtoto. Akaiweka simu mfukoni, akasema "Samahani, Sista," akanyamaza. Dakika kumi baadaye mwenzake alinifuata kwenye chumba cha dawa, akaniambia kwa kunong'ona kwamba yule binti alikuwa akihakiki dozi: tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa hesabu yangu mtoto angepata miligramu 26 na kidogo, yaani mililita 3 baada ya kukadiria kwenda juu. Kwa hesabu sahihi zilikuwa miligramu 33, yaani mililita 4. Dawa ilikuwa imekwisha kuvutwa kwenye bomba, ila haijachomwa.

Mtoto alipata mililita zake 4, na alipoweza kumeza akahamishiwa dawa mseto. Kupitwa na mabadiliko ya dozi kunaweza kumpata yeyote, na kuna njia za kukurekebisha. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba jibu sahihi lilikuwa chumbani, hatua mbili kutoka niliposimama, na mimi ndiye niliyelizuia lisinifikie. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyowapokea wanafunzi, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyajaribu, nikayaona yakifanya kazi, kwa ajili ya wauguzi, wakunga, matabibu na madaktari wanaolea wanafunzi wa mazoezi kwa vitendo katika ukanda huu, kuanzia hospitali kubwa ya rufaa pale kilimani Bugando hadi zahanati za visiwa vya Ukerewe. Mwanafunzi naye asome; kuna sehemu yake huko mbele.

Jueni kwanza kila mmoja alikotoka

Wamarekani wamezoea kuwagawa watu kwa miaka ya kuzaliwa, na wale waliozaliwa kati ya 1997 na 2012 wakawaita kizazi Z. Nasi tumeichukua lugha hiyo kama ilivyo, tukaiongeza kwenye ile yetu ya "kizazi cha dotikomu". Naomba uitumie kwa tahadhari. Mwaka 2020 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti iliyochunguza kama makundi hayo yanafaa katika kusimamia wafanyakazi, nayo ikaona kwamba ushahidi wake ni dhaifu, kwa sababu mengi tunayoyahesabu kuwa tabia ya kizazi yanatokana na umri tu, au na nyakati ambazo zimewagusa wazee na vijana kwa pamoja. Kijana wa miaka 21 anayechelewa ripoti ya asubuhi anafanana sana na kijana wa miaka 21 wa mwaka 1989 aliyechelewa ripoti ya asubuhi. Kwa hiyo sentensi inayoanza na "nyie vijana wa siku hizi" haimfundishi mtu kitu. Inamweleza tu kwamba umekwisha kumhukumu.

Kinachotofautiana kwa kweli ni mazingira ambayo kila mmoja alifundishwa. Muuguzi wa Mwanza anayekaribia miaka 60 ya kustaafu aliingia wodini wakati ambapo UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umejaza vitanda vya kanda nzima, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye hospitali zetu mwaka 2004. Kati ya hapo aliuguza watu aliojua kwamba hawatapona, wengine wakiwa majirani zake. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, na walio kazini wakati huo hawajaisahau wiki ile. Mtu aliyepita humo mara nyingi huzungumza kwa mkato, hataki kuchelewa, na huona maelezo marefu kama kupoteza muda wa mgonjwa. Mwanafunzi asiyeijua historia hiyo huona ukali mtupu.

Mwanafunzi naye ana historia, ingawa ni fupi. Aliyezaliwa mwaka 2003 hajawahi kuona klorokwini ikitibu malaria, kwa kuwa iliondolewa mwaka 2001, ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikapisha dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2006. Masomo yake yalikatizwa mwaka 2020 shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Anasoma kwa ada ambayo mzazi ameitafuta kwa kuuza ng'ombe au kwa mkopo wa kikundi, na anajua kwamba, tofauti na walezi wake waliopangiwa vituo na serikali mara tu walipomaliza, yeye ataomba kazi na kusubiri, pengine kwa miaka. Anapouliza, "Sista, hili litakuja kwenye mtihani?" mlezi husikia uvivu. Mimi siku hizi nasikia mtu anayehofia ada ya mwaka mzima isipotee.

Jambo la kufanya ni dogo: katika wiki ya kwanza, kaeni dakika kumi na tano, mlezi aeleze alifundishwaje na nani alimfundisha, na mwanafunzi aeleze hivyo hivyo. Anza wewe mlezi. Ukimweleza jinsi ulivyolazimika kuachana na klorokwini, kisha na SP, ukiwa tayari kazini, utakuwa umemwonyesha kwamba kubadilika si jambo la vijana peke yao, na utakuwa umemfungulia mlango wa kukuambia siku dozi itakapobadilika tena.

Semeni masharti siku ya kwanza

Nusu saa ya siku ya kwanza huokoa wiki nne za kununiana. Ugomvi mwingi niliousuluhisha kati ya walezi na wanafunzi ulitokana na sharti ambalo mmoja aliliona liko wazi kama jua, na mwenzake hakuwahi kulisikia.

Salamu ni mfano mzuri. Muuguzi mkongwe wa huku anatarajia shikamoo. Kijana aliyekulia mjini, ambaye kwao hata mwalimu huamkiwa "habari za asubuhi", anaingia na salamu hiyo, anajibiwa kwa ubaridi, na kwa mwezi mzima hajui kosa lake. Mwambie waziwazi: hapa wodini wakubwa tunawaamkia shikamoo, na wagonjwa wazee wote vilevile, na ukijua kuwasalimu kwa Kisukuma au Kikerewe utakuwa umemaliza nusu ya kazi ya kuchukua historia ya ugonjwa. Nawe timiza upande wako kwa kulijua jina lake kufikia siku ya pili. "Wewe wa chuo, njoo" ni kauli inayomfanya mtu awe mgeni hadi siku anaondoka.

Sema saa kamili ya kufika na ya kutoka. Hapa walezi wengi hukwazika mwanafunzi anapouliza atatoka saa ngapi, kwa sababu wao walifundishwa kwamba muuguzi hutoka kazi inapokwisha. Swali hilo si dharau. Mjibu, kisha umweleze kinachoweza kumbakiza baada ya saa hiyo: mgonjwa aliyemchukua mwenyewe na ambaye hali yake inabadilika, au zamu inayofuata haijafika. Zaidi ya hapo mwache aende, kwa maana mwanafunzi aliyekesha na kisha akabakizwa mchana ili "azoee" hazoei chochote. Anaanza kukosea hesabu.

La mwisho, na hili ndilo ninalolisema polepole nikimtazama usoni, ni wakati wa kuniita. Usimwambie "niite ukiona tatizo", kwa kuwa asiye na uzoefu hajui tatizo linafananaje. Mtajie: namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, mtu mzima akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mtoto akianza degedege, mama aliyejifungua akilowanisha kanga ya pili kwa damu, mgonjwa aliyekuwa akizungumza ambaye sasa hajibu. Kisha ongeza kwamba atakuita hata kama amekuona umejilaza, na kwamba ukiitwa bure mara tatu hutamlaumu. Lazima uitimize ahadi hiyo ya mara tatu. Ukimlaumu mara ya kwanza tu, hatakuita mara ya nne, na hiyo ya nne ndiyo itakayokuwa kweli.

Simu

Simu haitaondoka wodini, na mlezi anayeipiga marufuku kabisa huwa anaihamishia chooni. Weka utaratibu. Kutafuta dozi, kukokotoa na kusoma mwongozo wa matibabu wa taifa kunaruhusiwa, lakini mwanafunzi atamke anachofanya kabla hajaitoa: "Sista, nahakiki dozi." Maneno hayo matatu yangeniokoa mimi asubuhi ile. Kwa mgonjwa ni muhimu zaidi. Bibi aliyetoka Magu kwa daladala mbili, akamkuta kijana anayepaswa kumhudumia anabofya simu, haoni mwongozo wa matibabu. Anaona mtoto anayechati. Mwanafunzi ainame kidogo, aseme, "Bibi, naangalia kipimo cha dawa yako humu kwenye simu ili nisikosee," na akimaliza aiweke mfukoni.

Picha za wagonjwa, vidonda, filamu za eksirei zenye majina na kurasa za faili haziingii kwenye simu binafsi wala kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, hata kwa nia ya kujifunza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo miongoni mwa zile zinazolindwa kwa uzito. Hapa mlezi asijitoe. Nimeona makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi wazima yakifanya yale yale wanayowakataza wanafunzi.

Kuhusu programu za akili mnemba ambazo wanafunzi wengi wanaziuliza maswali siku hizi, ninawaruhusu wazitumie kwa kusoma nyumbani, na ninawadai jambo moja wakifika wodini: jibu lolote la dozi au la tiba walionyeshe ndani ya mwongozo wa taifa kabla halijamgusa mgonjwa.

Jibuni swali la "kwa nini"

Sehemu hii ndiyo inayowashinda walezi wengi wa rika langu, nami nilishindwa kwa muda mrefu. Tulifundishwa kwamba mdogo huangalia, hutenda alichoambiwa, na maelezo huja baadaye, kama yatakuja. Mwanafunzi wa leo amezoea kupata sababu ya kila kitu papo hapo, na akiuliza "kwa nini tunafanya hivi?" mlezi husikia "nani kakuambia unajua?" Waswahili walisema kuuliza si ujinga, wodini nitaongeza kwamba swali ndilo dirisha pekee la kuona kilichomo kichwani mwa mwanafunzi kabla hakijafika mikononi mwake.

Tatizo la kweli ni muda. Raundi ina wagonjwa 30, wanafunzi 15 wamezunguka kitanda kimoja, na hakuna anayeweza kutoa mhadhara. Kuna njia iliyoandikwa mwaka 1992 na walimu wa tiba ya familia wa Marekani, ambayo inatosha dakika chache na imenisaidia kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Mlezi hupita hatua tano: anamtaka mwanafunzi aseme anachofikiri, anamuuliza ushahidi wake, anafundisha kanuni moja tu, anataja alichofanya vizuri, kisha anasahihisha alipokosea.

Nilimshuhudia tabibu mmoja mkongwe akiitumia bila hata kujua jina lake. Mgonjwa alikuwa mvuvi wa miaka 34 kutoka Ukerewe, ametapika damu usiku. Mwanafunzi wa utabibu alisoma historia kutoka kwenye daftari lake, akafika mwisho, akasimama akisubiri kuambiwa.

"Wewe unadhani ni nini?" tabibu akauliza.

"Vidonda vya tumbo, Dokta."

"Umeona nini kilichokupeleka huko?"

"Ametapika damu, na anasema tumbo limekuwa likimsumbua muda mrefu."

"Sawa. Bandama umeipapasa?"

Kimya. Tabibu hakusema neno. Aliuchukua mkono wa kijana, akauweka chini ya kitovu upande wa kulia wa mgonjwa, akamwambia mgonjwa avute pumzi, na kila pumzi ilipovutwa akausogeza mkono kidogo kwenda juu kushoto, kuelekea mbavu. Walipokaribia usawa wa kitovu nilimwona kijana akinyanyua uso. Alikuwa ameifikia: ngumu, yenye ukingo, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu.

"Huku kwetu," tabibu akasema, "mtu anayeishi na maji ya ziwa akitapika damu na bandama ikawa kubwa, fikiria kichocho kilichoharibu mishipa ya ini kabla hujafikiria vidonda. Umefanya vyema kuuliza amekuwa akiumwa tangu lini, maana wengi husahau. Ila usiniletee tena mgonjwa wa tumbo ambaye hujamgusa tumbo."

Haikuzidi dakika nne. Angalia kilichofanyika: kanuni moja tu, inayohusu watu wa hapa, ambayo kijana hataisahau kwa kuwa aliipata kwa vidole vyake. Angalia pia kwamba tabibu hakupoteza ukubwa wake kwa kuuliza. Wapo wenzangu wanaohofia kwamba wakimwuliza mwanafunzi maoni yake watakuwa wamejishusha. Nilichoona mimi ni kwamba mlezi anayeuliza kwanza ndiye anayeogopwa kwa namna inayofaa, kwani wanafunzi wake huja wamejiandaa.

Na ukiulizwa swali usilolijua, sema "silijui, tukaliangalie", kisha mkaliangalie kweli. Ni sentensi ngumu kwa mtu wa miaka 55. Ya kwanza iliniumiza, baada ya hapo ikawa nyepesi.

Kukosoa bila kuaibisha, na bila kulegeza

Nimewahi kuambiwa na wenzangu ninaowaheshimu sana: "Sisi tulikaripiwa, tukapigwa vibao vya mikono, na tukawa wauguzi hodari." Ni kweli wapo waliokuwa hodari. Lakini waliobaki ndio wanaosimulia. Wale walioacha uuguzi katikati hawapo wodini kutueleza wao ilikuwaje, na wale waliojifunza kuficha makosa hawatasimulia kamwe. Mwanafunzi aliyeaibishwa mbele ya mgonjwa hujifunza somo moja kwa uhakika, nalo ni kukaa mbali na wewe.

Kosa linaloweza kumdhuru mgonjwa sasa hivi lisimamishwe sasa hivi, kwa sauti ya kawaida: "Subiri kwanza, tuangalie pamoja." Maelezo yafuate mkiwa mmetoka pembeni ya kitanda, siku hiyo hiyo, kabla hasira na kumbukumbu hazijachachuka. Taja ulichokiona kwa macho, na usitaje tabia yake. "Umegusa kifuniko cha kanula kisha ukagusa sindano" ni jambo analoweza kulirekebisha kesho. "Wewe ni mchafu" hana la kulifanyia.

Pamoja na hayo, sikubaliani na mlezi anayeogopa kumwambia kijana ukweli kwa kuwa "watoto wa sasa ni wepesi kuumia". Hiyo nayo ni dharau. Mwanafunzi ambaye hajaweza kupima presha aandikiwe kwamba hajaweza, na apangiwe siku ya kurudia. Ubaya ninaoukuta mara nyingi kuliko ukali ni sahihi za bure: wiki ya mwisho wanafunzi wanapanga mstari na vitabu vyao vya mazoezi, na mlezi aliyechoka anatia sahihi kurasa nzima za ujuzi ambao hakuushuhudia. Kila sahihi ya namna hiyo itakutana siku moja na mama mwenye uchungu kwenye zahanati isiyo na mtu mwingine. Tia sahihi siku ileile ulipoona, au usitie.

Ujuzi wa mikono na masikio

Walezi wakongwe wana mali ambayo haipo kwenye simu, na wengi wao hawajui thamani yake. Mkunga aliyeanza kazi kabla ya mashine za kusikilizia mapigo anaweza kuweka fetoskopu ya pembe tumboni mwa mama, akafunga macho, akahesabu mapigo ya mtoto kwa dakika nzima na kukwambia kama yamo kati ya 110 na 160. Umeme ukikatika Ukara, au betri ya mashine ikiisha kisiwani Kome, ujuzi huo ndio unaobaki. Mfundishe mwanafunzi kwa hatua nne: fanya mara moja kwa mwendo wako wa kawaida bila kusema, rudia ukieleza kila kitendo, rudia tena, safari hii yeye akikwambia kinachofuata kabla hujakifanya, hatimaye afanye mwenyewe akieleza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoonyesha kama ameelewa au alikuwa akitazama tu.

Mpe kijana nafasi rasmi ya kufundisha

Mifumo ya kompyuta imeingia hospitalini kuanzia kuandikisha wagonjwa hadi kutoa majibu ya maabara, na wako wauguzi wenye miaka 30 kazini ambao huikwepa kimyakimya. Njia mbaya ya kumaliza tatizo hilo, ambayo nimeiona kwenye wodi zaidi ya moja, ni kumpa mwanafunzi nenosiri lako akuandikie. Kila atakachokosea kitakuwa na jina lako, na wewe utabaki pale pale ulipokuwa. Njia njema ni kutenga saa moja kwa wiki, mathalani Jumatano mchana wodi inapotulia, ambapo mwanafunzi anakaa pembeni, mikono yake magotini, na wewe ndiye unayeshika kipanya. Atakuwa na haraka; mwambie apunguze mwendo, kama unavyomwambia yeye apunguze anapopapasa tumbo.

Ongezeni kwenye saa hiyo jambo moja lililobadilika katika miongozo, kijana alilete likiwa na ukurasa wake. Kwenye wodi yangu dozi ya artesuneti ndiyo iliyokuwa mada ya kwanza, na aliyeifundisha alikuwa yule binti. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimkaripia.

Kwa mwanafunzi

Mlezi wako ameona wagonjwa wengi kuliko kurasa ulizosoma, na mengi anayoyajua hawezi kuyaeleza mpaka aulizwe kwa wakati mzuri. Wakati mzuri si katikati ya dharura. Andika swali lako, mfuate akiwa anajaza chati, muulize moja, sikiliza mpaka mwisho.

Kwenu umefundishwa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima, na iendelee kuwa hivyo nyumbani. Wodini, ukiona jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa, heshima ni kusema. Jizoeze maneno yake kabla hujayahitaji, kwa kuwa siku yenyewe ulimi utakuwa mzito: "Sista, samahani, naomba tuangalie chati pamoja kabla hatujachoma." Asipokusikia, rudia ukitaja hofu yako: "Nina wasiwasi na dozi hii, nimesoma kwamba kwa uzito huu ni miligramu 33." Akikataa na wewe bado una shaka, mwite daktari wa zamu au muuguzi kiongozi, na umwambie mlezi wako kwamba unakwenda kumwita. Hujamsengenya, umemwambia.

Na kama hujui Kisukuma, mwombe mlezi wako akufundishe kuuliza mambo matano: panapouma, pameanza lini, kula, choo, na usingizi. Hakuna ombi linalowafurahisha wakongwe wa huku kama hilo.

Siku ya mwisho

Kabla mwanafunzi hajaondoka, kaeni tena kwa zile dakika kumi na tano za wiki ya kwanza. Muulize ni wakati gani alitaka kusema kitu akashindwa, kisha unyamaze mpaka ajibu. Kimya hicho kinaweza kuwa kirefu. Nawe mwambie jambo moja ulilojifunza kwake, lenye tarehe na jina la mgonjwa mnayemkumbuka wote wawili. Jibu lake liandike bila jina lake kwenye daftari la wodi linalokaa kwenye droo ya meza ya ripoti, maana kundi jingine litafika Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, na utahitaji kulisoma kabla hujaanza kuwapa masharti.